Shaba Inapita Dar, Vumbi Lake Linabaki Wapi?

Jumatatu, Kurasini

Mtoto wa kaka yangu amepata kazi ya ufundi umeme kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba huko Zambia, upande wa Copperbelt. Anaondoka Jumamosi alfajiri. Nyumba nzima inashangilia, nami nashangilia nao, maana tangu amalize VETA kijana ameishi kwa vibarua vya kuokoteza. Ila mimi ni nesi mstaafu, na sehemu kubwa ya utumishi wangu ilikuwa kwenye zahanati za viwandani, barabara ya Pugu. Najua vumbi linavyomla mtu taratibu huku anatembea na kucheka na wenzake. Nikamwambia kaka, niachie huyu mtoto wiki hii, nizunguke naye mjini.

"Shangazi, tunazunguka kutafuta nini?"

"Vumbi, baba."

Tumeanzia Kurasini. Jirani yangu ni wakala wa forodha, akatuombea ruhusa kwenye yadi moja ambako malori ya Zambia na Kongo yanasubiri zamu ya kuingia bandarini. Jua lilikuwa kali, madereva wamelala chini ya semitrela zao, wengine wanakunywa chai. Kwenye trela moja turubai lilikuwa limefunuliwa, tukauona mzigo wenyewe: mabamba ya shaba, kila moja kama mita kwa mita, yamepangwa na kukazwa kwa mikanda ya chuma, fungu moja tani mbili na ushee. Rangi yake ni waridi iliyokolea, na kingo zina vinundu vidogo vidogo. Kijana akapitisha kidole. "Safi kabisa hii," akasema.

Ni safi kweli. Shaba ya namna hiyo hufika asilimia 99.99. Ndiyo sababu nilitaka tuanzie pale. Usafi ule umetoka kwenye kitu kichafu, na uchafu wenyewe haukupanda lori. Mwamba ukichimbwa husagwa na kuchambuliwa mpaka yapatikane makinikia, ambayo mara nyingi ni shaba kama robo tu. Kilichobaki humo ni chuma na salfa, na kwa kutegemea machimbo, kuna risasi, zinki, kadmiamu na aseniki, ambayo ni sumu kali. Yapo machimbo yenye aseniki kidogo sana, na yapo ambayo aseniki imeshikamana na shaba ndani ya jiwe lile lile, huwezi kuchukua moja ukaacha nyingine. Mawe ya Copperbelt kwa kawaida hayana aseniki nyingi kama yale ya Tsumeb, Namibia. Lakini viwanda vya kuyeyusha hununua makinikia kutoka huku na huko, kwa hiyo mfanyakazi asibashiri. Aulize.

Makinikia sisi wa Dar tunayakumbuka vizuri. Machi 2017 Rais John Magufuli alipozuia yasisafirishwe nje, makontena 277 yalikwama bandarini hapa, na kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikapewa kazi ya kuyachunguza. Nchi nzima ilijadili dhahabu, shaba na fedha, tumepoteza kiasi gani. Wazo la kuyeyushia hapa hapa nchini likapata nguvu, nami naliunga mkono mpaka leo. Lakini katika mjadala ule mkubwa, mitaani na redioni, sikusikia mtu akiuliza: tukiyeyushia nyumbani, vumbi tutaliweka wapi?

Jumanne, Gerezani na Vingunguti

Kutwa ya skrepa. Gerezani tuliona nyaya zikichunwa kwa kisu, kazi ya haraka na ya ustadi. Nilifurahi kuona hawa hawachomi, maana moshi wa plastiki ya nyaya ni sumu ya aina yake. Kisha tukachukua daladala hadi Vingunguti kwa fundi mmoja anayeyeyusha koki na vali za zamani.

Tanuru lake ni pipa lililokandikwa udongo wa kuhimili moto, linawashwa kwa oili chafu na feni. Alipotumbukiza koki kwenye chungu na zikaanza kulainika, moshi mweupe ukapanda, mzito, ukatambaa chini ya mabati. Nilimvuta kijana kwa mkono tukasimama upande upepo unakotoka. Moto ulipopungua nikamwonyesha mapaa: juu ya kila mbao kulikuwa na unga mweupe, laini kama sembe, umelala tabaka juu ya tabaka.

Koki zile ni shaba iliyochanganywa na zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, kiwango ambacho tanuru la fundi hukifikia, basi inatoka kama mvuke, inakutana na hewa, inapoa, inageuka unga. Fundi mwenyewe alituambia kuna siku akizidisha kazi, usiku anashikwa na homa na kutetemeka, na kukicha hali imetulia. Anakunywa maziwa. Nilimwambia kwa heshima kwamba maziwa hayafiki mapafuni, kinachosaidia ni upepo na kuinua bati upande mmoja moshi upate pa kutokea. Alisikiliza, akasema bati ataliinua. Naamini ataliinua.

Tukiwa tunarudi nikamwambia kijana: ulichokiona ni zinki, lakini aseniki inapita njia hiyo hiyo. Katika tanuru kubwa la shaba joto ni kama nyuzi 1,200. Aseniki haiwezi kuvumilia hapo. Inaungana na oksijeni na kuondoka pamoja na gesi, ikiwa mvuke usioonekana. Gesi ikipoa kwenye mabomba, mvuke unageuka unga mweupe, chembe ndogo mno, zile zinazopita puani na kooni bila kunaswa na kutua ndani kabisa ya mapafu. Ndiyo maana mahali pa kuweka kichujio si jambo dogo. Mitambo ya umeme ya kunasa vumbi ikifanya kazi gesi ikiwa bado moto sana, itanasa risasi na shaba, na aseniki itapita salama salimini kwa sababu bado ni mvuke. Lazima gesi ipozwe kwanza.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa nje ya viwanda hawalijui. Vumbi likishanaswa mara nyingi hurudishwa tanuruni, kwa kuwa lina shaba ndani yake na hakuna anayetaka kutupa shaba. Lakini aseniki ikirudi tanuruni inapaa tena, inanaswa tena, na kila mzunguko vumbi linazidi kuwa kali. Mwishowe ni lazima litolewe. Na hapo ndipo yanapoingia majembe, mifuko, malori, na vijana wenye barakoa zilizolegea.

"Kwa hiyo moshi ukikosekana kwenye bomba, hatari haijaisha," alisema.

Haijaisha. Imehama kutoka angani ikaingia kwenye mfuko, na mfuko una mtu anayeubeba.

Jumatano, Keko

Asubuhi mvua. Mchana tulikwenda Keko kwa seremala anayemtengenezea kaka kitanda. Pembeni ya karakana mama lishe alikuwa anapika maharage, na kando ya mafiga kulikuwa na vipande vya nguzo ya zamani vilivyokatwa kwa msumeno. Niliinama kutazama. Katikati mbao ilikuwa ya rangi ya kawaida, lakini kuzunguka pembeni ilikuwa na ukijani uliofifia.

Ukijani ule unatokana na dawa ya mbao yenye shaba, kromiamu na aseniki. Nguzo nyingi za umeme na za uzio hutiwa dawa hiyo kwa shinikizo ili mchwa usizile, na kwa kazi hiyo inafaa sana, nguzo inasimama miaka. Ikichomwa ndipo balaa. Sehemu ya aseniki inatoka na moshi, iliyobaki inajikusanya kwenye majivu. Majivu ambayo mama huyu huyu, kama mama zetu wote, huenda akasugulia sufuria.

Nilimwita pembeni, nikamweleza kinesi, taratibu, bila kumtisha mbele ya wateja. Alishtuka, akaniuliza, "Hata mbao hizi za fenicha?" Nikamwambia mninga na mkongo wa fundi hauna shida hiyo, ila yenye ukijani asiiweke motoni, na majivu ya leo asiyaguse kwa mikono mitupu, ayafukie mbali na kisima. Seremala naye akavitoa vipande vile. Kijana alikuwa kimya muda wote. Baadaye akaniuliza: "Sasa kumbe hilo vumbi linauzika?"

Liliuzika, tena vizuri. Kwa miongo mingi unga wa aseniki kutoka viwanda vya shaba ulikwenda kwenye dawa za wadudu, kisha kwenye dawa za mbao. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Tsumeb, kule Namibia, kilikuwa kikiutengeneza na kuuuza. Lakini mashamba yaliacha dawa hizo, na mwishoni mwa 2003 Marekani ikaacha kutia dawa hiyo kwenye mbao za matumizi ya majumbani. Soko likasinyaa. Tanuru halikusinyaa, maana dunia inataka shaba kwa nyaya, mota na magari ya umeme, na mawe mazuri yanazidi kuisha, yanabaki yenye uchafu mwingi. Vumbi linaongezeka, mnunuzi hayupo.

Asiye na mnunuzi hulazimika kulitunza. Tsumeb walikuwa wakiyeyusha makinikia yenye aseniki nyingi yaliyosafirishwa toka Bulgaria, na mwaka 2012 serikali ya Namibia ikaagiza kiwanda kipunguze uzalishaji kwa nusu mpaka moshi na vumbi virekebishwe. Vumbi lenyewe lilikwenda kwenye dampo maalumu hapo hapo kiwandani. Huko Yellowknife, Kanada, ulikuwepo mgodi wa dhahabu ulioitwa Giant. Si shaba, lakini mawe yake yalichomwa na kutoa vumbi la aina ile ile. Mgodi ulifungwa mwaka 2004 ukaacha tani 237,000 za unga wa aseniki katika vyumba chini ya ardhi. Dawa waliyoichagua ni kugandisha mwamba wote unaovizunguka, na kuutunza ukiwa umeganda, bila kikomo. Fikiria nchi itakayofanya kazi hiyo kwa ajili ya wajukuu wa wajukuu wao.

Zipo njia bora zaidi. Aseniki inaweza kufungwa pamoja na chuma ikawa madini magumu yasiyoyeyuka kirahisi, yaitwayo skorodaiti, au ikamezwa ndani ya kioo. Ni gharama, na hukatwa kwenye faida. Kwa hiyo haifanyiki kwa hisani, inafanyika pale sheria inapobana na mkaguzi anapofika.

Alhamisi, Feri na pantoni

Kijana wangu hana anachokipenda kuliko supu ya pweza. Tukaenda soko la samaki la Feri, akaagiza bakuli na vipande vya kuchovya kwenye pilipili, nikamwacha ale kwanza. Kisha nikamwambia: huko unakokwenda utapimwa mkojo, na kama hawakupimi, uombe. Aseniki iliyoingia mwilini hutoka na mkojo ndani ya siku chache, ndiyo maana kipimo kizuri huchukuliwa mwisho wa wiki ya kazi. Kipimo cha damu hakisaidii sana, maana kwenye damu inapita upesi.

Lakini pweza, kamba, ngisi na samaki wa baharini wana aseniki yao, ya namna nyingine isiyo na madhara kwa mlaji. Mashine inayopima jumla ya aseniki haitofautishi, itaonyesha namba ya kutisha. Daktari asiyejua atakutoa kazini bure, na mwajiri asiye mwaminifu atapata kisingizio: ni samaki tu huyo, nenda kazini. Kwa hiyo siku nne kabla ya kupimwa usiguse chochote cha baharini, na uombe maabara itenganishe aina zake. Wataalamu wa afya kazini wa Marekani huweka alama ya tahadhari kwenye mikrogramu 35 kwa lita ya mkojo, kwa ile aina mbaya na mabaki yake. Aliandika kwenye simu. Nilimwambia aandike na kwenye daftari, simu huibwa.

Tukapanda pantoni kwenda Kigamboni, bila shughuli yoyote kule, nilitaka aione Dar kutoka majini. Pale katikati nikamwambia afikirie bomba moja refu upande wa Kurasini. Tacoma, jimbo la Washington huko Marekani, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha shaba kilichokuwa mashuhuri kwa kupokea mawe yenye aseniki nyingi. Kilifanya kazi karibu miaka mia, kikaacha kuyeyusha shaba mwaka 1985. Bomba lake lilikuwa na urefu wa mita 174. Lilijengwa refu ili moshi uende mbali, nao ulikwenda: udongo wenye aseniki na risasi ulitapakaa eneo la zaidi ya maili za mraba 1,000, yaani karibu kilomita za mraba 2,600. Mkoa wa Dar es Salaam mzima, kutoka Bunju mpaka Pemba Mnazi, una kilomita za mraba 1,393 za nchi kavu. Bomba lilibomolewa mwaka 1993 lakini udongo haukubomoka. Kazi ya kuchota udongo wa nyua na viwanja vya watoto ilikuja baadaye.

Kwetu upepo una miezi yake, kaskazi na kusi, na kila mvuvi hapa Feri anaijua. Anayetafuta kiwanja cha kiwanda angeanza na wavuvi hawa.

Kuhusu maji nilimpigia hesabu hapo hapo kwenye pantoni. Shirika la Afya Duniani linataka aseniki kwenye maji ya kunywa isizidi mikrogramu 10 kwa lita. Unga wa aseniki huyeyuka majini. Gramu moja tu ikiwa safi, kiasi unachoweza kukishika kwa ncha za vidole, inatosha kufikisha kwenye kikomo hicho lita zaidi ya 75,000. Hayo ni maboza saba ya lita 10,000, na zaidi. Halafu mtu ananiambia mfuko mmoja umepasuka njiani, si kitu.

Ijumaa, nyumbani Temeke

Mke wa kijana alikuja na mtoto, wa kike, hajafika hata miaka miwili, kila akiokotacho anakiweka mdomoni. Watamfuata Zambia baada ya miezi mitatu. Basi leo sikuzungumza na kijana, nilizungumza na mkewe.

Nilimwambia ovaroli isivuke mlango wa kiwanda. Ifuliwe huko huko, buti zibaki huko, aoge kabla ya kupanda basi. Kama kiwanda hakina mahali pa kufulia, hilo peke yake ni jibu. Nguo ikikung'utwa uani, vumbi linakaa kwenye mkeka, na anayekaa mkekani ni mtoto. Asikubali kufua, hata akibembelezwa. Nikamwonyesha na dalili: madoa meusi na meupe ya ngozi yanayofanana na matone ya mvua, viganja na nyayo kukakamaa na kuota sugu ngumu, ganzi miguuni, pua kuwasha na kutoa damu mpaka ukuta wa katikati kutoboka. Hizo ndizo zinazoonekana. Saratani ya mapafu, ngozi na kibofu huja miaka mingi baadaye, wakati hakuna anayekumbuka kiwanda.

Mwaka 1969 watafiti Lee na Fraumeni walichapisha utafiti wa wafanyakazi 8,047 wa viwanda vya kuyeyushia shaba Marekani. Vifo vya saratani ya mfumo wa upumuaji vilikuwa mara tatu ya ilivyotarajiwa, na kwa waliokaa muda mrefu sehemu zenye vumbi zito, karibu mara nane. Na aseniki ikikutana na sigara kwenye pafu moja, madhara yanazidiana. Mkewe alimgeukia mumewe. Sigara mbili za jioni zimekwisha leo, mbele yangu.

Kaka alinung'unika kwamba namtia mtoto woga. Nilimjibu, kaka, simzuii. Mafundi umeme ndio wanaofungua milango ya mitambo ya kunasa vumbi inapoharibika. Wao ndio wanaoingia ndani.

Jumamosi, Mbezi

Stendi ya Magufuli saa kumi na moja alfajiri, mizigo, makuli, makelele ya mawakala wa mabasi. Anakwenda Tunduma, atavuka Nakonde, atapanda gari jingine. Amebeba daftari lenye maswali niliyomwandikia kwa mkono wangu: Makinikia yenu yana aseniki asilimia ngapi? Vumbi la vichujio mnalirudisha tanuruni au mnalitoa? Linakaa wapi, chini yake kuna nini, na maji ya mvua yanakwenda wapi? Nani hufanya usafi ndani ya vichujio, na anavaa barakoa ya aina gani? Mkojo unapimwa lini, na majibu nani anapewa?

Kurudi nilipitia kwa mwenzangu tuliyefanya naye kazi, sasa anatoa mafunzo ya usalama kazini. Nimemwomba maswali haya haya tuyaweke kwenye karatasi moja kwa ajili ya hapa kwetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla haujaanza, na wananchi wasikilizwe. Siku kiwanda kikubwa cha kuyeyusha kitakapoletwa mezani nchini, nataka mwenyekiti wa kijiji awe na karatasi hiyo mkononi, na suala la vumbi lijibiwe kabla ya suala la ajira. Tutawapelekea nakala wasimamizi wa mazingira wa taifa, na OSHA, wakala wa usalama na afya kazini.

Jumapili

Kijana amepiga simu akiwa Nakonde, amefika salama, miguu imevimba kwa safari. Ameshawaandikia watu wa rasilimali watu wa kiwanda. Wamemjibu kwamba bafu lipo, dobi lipo, na mkojo hupimwa kila baada ya miezi sita. Kuhusu vumbi la vichujio wamemwambia ataelezwa kwenye mafunzo ya kuanza kazi. Nimemwambia kwenye mafunzo aulize tena, aombe jibu kwa maandishi, na anipigie picha.